Mtoto Anapofikisha Miezi Sita, Baba Yuko Wapi?



Mtoto akizaliwa, wengi wetu hujua la kufanya. Wageni huja, mama hupikiwa uji wa uzazi, katekista huulizwa habari za ubatizo, na kila apitaye njiani huuliza hali ya mzazi na mtoto. Kisha miezi mitatu hupita. Wageni wamekwisha kurudi makwao, mama amerudi shambani au kazini, na nyumba imetulia. Ni wakati huo hasa, kati ya mwezi wa nne na wa nane, mtoto anapobadilika upesi sana. Nazo nyumba nyingi humwacha aendelee mwenyewe, kana kwamba ni mgomba uliokwisha kushika udongo.

Leo katika ukurasa huu tujifunze habari za miezi hiyo ya katikati ya mwaka wa kwanza. Nawe baba mwenye nyumba, usifungue ukurasa mwingine kwa kudhani haya ni mambo ya akina mama. Mpaka mwezi wa sita mtoto huishi kwa maziwa ya mama yake peke yake, na baba mvivu aweza kusema kwamba hana nafasi hapo. Kuanzia mwezi wa sita hawezi kusema hivyo tena. Chakula, mchezo na maneno ya mtoto vinahitaji watu wawili. Katika nyumba ambamo baba hakuingia katika kazi hii, nimeona mama akichoka kupita kiasi, mtoto akibaki nyuma, na ndoa yenyewe ikianza kuwa ya kunung'unikiana.

Mtoto hufundishwa kuketi

Mtoto wa miezi minne kwa kawaida amekwisha kuimarisha shingo. Ukimlaza kifudifudi juu ya mkeka, atainua kichwa na kifua akiegemea mikono yake. Baadaye kidogo hujigeuza, na siku ya kwanza ya kujigeuza hutokea pasipo taarifa, kwa hiyo msimwache tena peke yake kitandani. Yapata mwezi wa sita huketi akiwa ameegemezwa, kisha akijishikilia kwa mikono yake mbele, kisha peke yake. Hushika kitu kwa kiganja kizima, hukihamisha kutoka mkono huu hadi ule, na kila akipatacho hukitia mdomoni. Hiyo si tabia mbaya. Mdomo ndio anaojifunzia. Kazi yenu ni kuondoa vifungo, sarafu, betri na punje za mahindi sakafuni, na kumpa kitu safi kisichoweza kumkaba, kama vile mwiko au kikombe cha plastiki.

Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na matokeo yakatolewa mwaka 2006. Wengine waliweza kuketi bila kushikiliwa hata kabla ya kutimiza miezi 4, na wengine waliingia mwezi wa kumi ndipo wakaweza. Wote walikuwa watoto wazima. Kutambaa nako kulitofautiana. Karibu watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti. Walisimama tu wakaenda zao. Basi mama asilie kwa kuwa mtoto wa jirani ameketi kwanza, na baba asilichukue jambo hilo kuwa sababu ya kuusema ukoo wa mke wake.

Hata hivyo, tusidhani mtoto hukua tu kama nyasi. Wazee wetu walijua kufundisha. Katika miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani aitwaye Charles Super aliwachunguza watoto wa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis hapa Kenya. Akaona kwamba akina mama huko walikuwa wakiwafundisha watoto kuketi, kama vile sisi tunavyofundisha kusoma. Walichimba kishimo kidogo ardhini, wakamketisha mtoto humo na kumzungushia blanketi, ili mgongo upate nguvu bila yeye kuanguka. Watoto hao waliketi na kutembea yapata mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani. Lakini katika mambo ambayo hawakufundishwa hivyo, hawakuwatangulia.

Si lazima mchimbe shimo sebuleni. Karai pana lenye blanketi pembeni latosha, mkiwa karibu naye. Hata bora zaidi ni baba aliyeketi chini mkekani, miguu ameitanua, na mtoto amekaa katikati akiegemea tumbo lake. Kazi hiyo haihitaji fedha wala elimu. Inahitaji baba akubali kuketi chini. Mtoto ambaye bado hajatambaa anahitaji pia kulazwa kifudifudi akiwa macho, jumla ya nusu saa au zaidi kwa siku, mkigawa kidogo kidogo. Mtoto anayeshinda mgongoni au kwenye kiti toka asubuhi hapati nafasi ya kujaribu viungo vyake.

Wengine mjini hununua vile vigari vya magurudumu wanavyosema vinamfundisha mtoto kutembea. Havimfundishi, tena huweza kumwangusha ngazini au kumfikisha penye jiko. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Kama mnazo fedha za kununua kigari, nunueni mayai.

Na kuhusu simu: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe picha za simu wala televisheni hata kidogo. Najua simu humnyamazisha. Pipi humnyamazisha pia.

Bakuli la mtoto ni habari ya wawili

Hapa nitakaa zaidi, kwa maana hapa ndipo watoto wetu wengi huumia.

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu, bila maji, bila uji, bila chai ya rangi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Kenya watoto 60 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 hunyonyeshwa hivyo. Tushukuru, kwani mwaka 2003 walikuwa 13 tu. Lakini uchunguzi huo huo wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Kudumaa kwingi huingia kuanzia siku mtoto anapoanza kula, kwa sababu kile tunachokiita chakula mara nyingi ni maji yaliyopikwa na unga kidogo.

Kuna nyumba ambamo shida huanza mapema, mtoto akiwa na miezi mitatu. Nyanya yake huja na kusema, "Huyu mtoto analia njaa, mpeni uji." Mama wa mtoto akikataa, huonekana hana adabu. Akikubali, anakwenda kinyume cha alichofundishwa kliniki. Hapa mume ndiye wa kuzungumza na mama yake mzazi, kwa heshima, tena wakiwa wawili tu. Aweza kusema, "Mama, kliniki wametuambia tungoje mwezi wa sita. Nakuomba umchukue mtoto jioni, mama yake apate kupumzika." Nyanya aliyepewa kazi ya heshima hana haja ya kugombania bakuli. Mume anayenyamaza na kumwachia mke wake vita hivyo amemwacha peke yake mbele ya ukoo mzima.

Kwa nini tungoje mwezi wa sita, na kwa nini tusizidi hapo? Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, na akiba hiyo huwa imepungua sana afikishapo miezi 6. Maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana chuma kidogo. Chuma ndicho kinachojenga damu, na ubongo wa mtoto unakihitaji ili akue katika akili. Uji wa mahindi na sukari hauleti chuma cha kutosha. Kinapatikana katika maini, nyama iliyosagwa, samaki na omena. Maharagwe, ndengu, wimbi na mboga kama terere zinacho pia, ingawa hicho cha mimea mwili hukipokea kwa shida zaidi, na kipande cha chungwa au papai pamoja na chakula husaidia. Chai hufanya kinyume: hukizuia chuma kisiingie mwilini. Kumpa mtoto chai, hata ya maziwa mengi, ni kujaza tumbo na kuacha damu njaa.

Anzeni na vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, baada ya kunyonya. Mkiongeza kidogo kidogo, afikishapo miezi 8 awe anakula karibu nusu ya kikombe cha mililita 250 kila mara. Chakula kiwe kizito, kisiteleze kutoka kwenye kijiko. Malenge, viazi vitamu, ndizi, avokado, yai lililoiva kabisa, ini lililopikwa na kupondwa, maharagwe yaliyotolewa maganda: vyote hivi mnavyo, au jirani anavyo. Mpe katika bakuli lake mwenyewe ili mjue amekula kiasi gani, na mtumie kikombe na kijiko, si chupa, kwa maana chupa ni ngumu kusafisha. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa yaweza kumtia sumu mtoto mchanga. Njugu nzima zaweza kumkaba. Na kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 au zaidi.

Neno moja juu ya ule unga wa mchanganyiko, wenye mahindi, wimbi, soya, njugu na omena vyote pamoja. Kila kimoja huiva kwa muda wake, na njugu au mahindi yaliyoota ukungu yakisagwa pamoja na mengine huonekani tena. Tukumbuke mwaka 2004, sumu ya ukungu katika mahindi ilipowaua watu 125 huko Ukambani na sehemu jirani. Afadhali unga wa nafaka moja au mbili mlizozikagua kwa macho yenu, na yai au omena mpike kando na kuongeza.

Sasa nirudi kwa baba. Nimezuru nyumba zenye kuku wengi uani, na mayai yote yanakwenda sokoni. Mtoto anakunywa uji mweupe. Mama akiulizwa hujibu kwa sauti ya chini, "Mwenyewe hajasema." Mwenyewe ni baba. Trei moja ina mayai 30, na mtoto akila yai moja kwa siku, trei hiyo ni mwezi mzima. Baba, kabla ya kusema hali ni ngumu, ipige hesabu hiyo na uiweke kando ya hesabu ya Jumamosi jioni. Sikuhukumu. Wapo wasio na kuku wala Jumamosi jioni, na hao tuwasaidie katika jumuiya ndogo ndogo, hata kwa kibaba cha maharagwe. Lakini wengi tunavyo, ila hatujapata kukaa mume na mke tukaamua kwamba yai hili ni la mtoto.

Na ni nani atamlisha? Mtoto wa miezi saba hula polepole, huchezea, hutema, hugeuza uso. Ndivyo anavyojifunza. Mama aliyetoka kuchota maji na bado hajapika cha jioni hukosa subira, ndipo utasikia mtoto analishwa kwa nguvu, ameshikwa mikono na wengine hata kubanwa pua. Msifanye hivyo kamwe. Chakula huweza kuingia penye pumzi, na mtoto huanza kuchukia bakuli lenyewe. Mlo mmoja wa siku uwe wa baba. Amketishe mapajani, amtazame usoni, amwambie maneno, angoje afungue mdomo. Robo saa hutosha. Uanaume wake hautapungua, na mke wake ataiona robo saa hiyo kuliko zawadi nyingi.

Mtoto huchagua watu wake

Yapata mwezi wa sita au wa saba mtoto huanza kutamka ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Akina baba hufurahi na kusema wameitwa. Bado hajamwita mtu, lakini jibuni tu kana kwamba amewaita. Mtoto akisema neno lake, nawe ukamjibu na kungoja aseme tena, mnakuwa mmeanza mazungumzo, na kutoka hapo ndipo lugha hutokea. Semeni naye lugha yenu ya nyumbani, ile mnayoijua vizuri, msijali kama ni Kikamba, Kidholuo au Kigiriama. Mtajieni vitu mnapovifanya: sasa tunaosha mikono, sasa ng'ombe anakuja. Jificheni uso kwa leso kisha mjifunue. Katika umri huu anaanza kuelewa kwamba kitu kilichofichwa bado kipo, ndiyo sababu mchezo huo humchekesha kila mara kana kwamba ni mpya.

Kisha, yapata mwezi wa saba au wa nane, mtoto aliyekuwa akimchekea kila mtu huanza kulia akichukuliwa na mgeni. Paroko akinyosha mkono kumbariki, hupiga kelele kanisa zima likageuka. Wazazi huona aibu na wengine husema mtoto ameharibika. Hajaharibika. Amejua sasa nani ni wake na nani si wake. Miaka ya 1954 na 1955 mtafiti Mary Ainsworth alizitembelea nyumba 26 karibu na Kampala, Uganda, akatazama jinsi watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Aliona kwamba mtoto hutambaa kwenda kuchunguza vitu, kisha humgeukia mama yake, kana kwamba anapima kama kambi bado ipo. Watoto waliotulia zaidi walikuwa wa mama walioweza kumweleza kwa urefu tabia za watoto wao, maana yake walikuwa wakiwaangalia kwa makini. Aliona pia kwamba mtoto aweza kushikamana na baba, nyanya au ndugu, pamoja na mama.

Tafakarini hapo. Mtoto huchagua watu wake katika miezi hii, naye huwachagua wale wanaomjibu. Baba anayetoka kabla hajaamka na kurudi amekwisha kulala atakuwa mgeni kama wageni wengine, naye mtoto atamlilia vivyo hivyo. Akina baba wengi wanafanya kazi Nairobi au Mombasa na kufika nyumbani mwisho wa mwezi. Hufika na mikate, humnyakua mtoto, mtoto hulia, na baba huvunjika moyo na kusema, "Huyu ni wa mama yake." Baba, usimnyakue. Ukifika, keti chini karibu na mama yake, zungumza na mama kwanza, mtoto akutazame. Mpe kitu mkononi bila kumshika. Mara nyingi kabla jua halijatua atakuwa amekuja magotini pako. Nawe mama, usiseme "unaona hakutaki," hata kwa mzaha. Maneno hayo hufunga mlango ambao ungependa ufunguliwe.

Kwa mama aliyeajiriwa, likizo ya uzazi kwa sheria yetu ya kazi ya mwaka 2007 ni miezi mitatu, kwa hiyo hurudi kazini mtoto akiwa bado wa kunyonya tu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri waweke mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Ulizeni, msione haya. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye kifuniko yakae mahali pa baridi, na kama hakuna friji yasikae kupita masaa manne, kisha mtoto apewe kwa kikombe. Yaya anayebaki naye msimbadilishe kila mwezi kwa ugomvi mdogo, kwa kuwa naye amekuwa mmoja wa watu wa mtoto. Na asubuhi mama asitoroke kupitia mlango wa nyuma. Amuage mtoto, hata akilia. Mtoto aliyeagwa hujifunza kwamba mama akienda hurudi, lakini aliyetorokwa hujifunza kumlinda mama siku nzima.

Kanisani nako tuwavumilie watoto hawa. Januari 2014, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, hayati Papa Fransisko aliwaambia akina mama kwamba kama watoto wao wana njaa wawanyonyeshe hapo hapo bila wasiwasi. Walinda milango wetu wanaowatoa nje akina mama wa namna hiyo walikumbuke jambo hilo.

Jambo la chumbani

Kuna jambo jingine la mwezi wa sita ambalo wenzi wengi hawaambiwi, au huambiwa wakiwa wamechelewa. Mama anayenyonyesha kikamilifu, usiku na mchana, huweza kukaa miezi kadhaa bila kurudia hedhi. Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba mama wa namna hiyo ana kinga ya asilimia 98 au zaidi dhidi ya mimba, lakini kwa masharti matatu yaliyo pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama tu au karibu tu, na hedhi haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hiyo haitegemewi tena. Basi siku ile mtoto anapopewa bakuli lake la kwanza, mume na mke nao wamefika mahali papya. Yai la mama laweza kukomaa kabla hata hedhi ya kwanza haijaonekana, ndiyo sababu wengi husema, "Sijui imekuwaje, sikuwa nimeona siku zangu."

Wanaofuata njia ya asili, kama Kanisa linavyofundisha katika waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, waanze kuangalia dalili za ute mapema, hata mwezi wa tano, pamoja na mwalimu wa familia wa parokia au jimbo. Mume ajue kusoma chati hiyo kama mke wake. Kujizuia kunakoamuliwa na wawili huwaweka karibu, lakini mke akiachiwa kukataa peke yake kila usiku, huo huwa ugomvi. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 ipite tangu kuzaliwa kwa mtoto kabla ya mimba nyingine, na mwenye kuumia kwanza haraka ikipita ni huyu wa miezi saba. Jina la kwashiorkor lenyewe lilitoka kwa watu wa Ghana, nalo lilimaanisha ugonjwa anaopata mtoto mdogo mwenzake anapozaliwa, maana huachishwa ziwa ghafula. Wengi kwetu huamini kwamba maziwa ya mama mjamzito ni sumu. Si sumu. Kama mimba imekwisha kuingia, kwa kawaida mama aweza kuendelea kumnyonyesha mkubwa, ale vizuri, na aulize kliniki.

Kitabu cha kliniki kisilale kabatini

Baada ya chanjo ya wiki 14 watu wengi hawaendi kliniki tena mpaka ile ya surua na rubela ya miezi 9. Katikati hapo hupotea tone la vitamini A la miezi 6, linalorudiwa kila baada ya miezi 6 hadi miaka 5, na kipimo cha uzito cha kila mwezi. Kwa wanaoishi katika zile kaunti za magharibi zenye malaria nyingi, ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa mwaka 2019, dozi ya kwanza huanza pia mtoto akiwa na miezi 6. Baba achukue siku moja ampeleke mtoto mwenyewe. Mstari wa uzito ukilala au kushuka, asingoje mwezi mwingine.

Msingoje pia mkiona mtoto wa miezi sita hawezi kushikilia kichwa, mwili wake umelegea sana au umekakamaa, hageukii sauti, haangalii uso wa mtu, au ameacha jambo aliloweza jana. Asiyetamka ba-ba wala ma-ma hata afikapo mwezi wa kumi apimwe masikio. Kumpeleka mapema si kukosa imani.

La mwisho ni meno. Katika miezi hii meno ya kwanza hutokea, na mtoto pia huanza kuharisha, kwa kuwa anakula vyakula vipya na kutia kila kitu mdomoni. Watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Katika sehemu fulani mtoto anayeharisha hupelekwa kwa mtu wa kumng'oa "meno ya plastiki": ufizi wake huchokolewa kwa chuma au spoku ya baiskeli na kutolewa kitu cheupe. Kitu hicho si ugonjwa. Ni jino lake halisi ambalo halijakomaa, na watoto wamekufa kwa damu na vidonda vya kazi hiyo. Dawa ya kuharisha ni kuendelea kunyonya, maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka kituo cha afya, na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au anatapika kila kitu, mpelekeni hospitali usiku huo huo, baba akitangulia na tochi.